Skrinshoti Yako Ikifika Mahakamani: Jumbe za WhatsApp na Dai Lako la Pesa

Kuna swali ambalo wateja wetu hutuuliza kwa njia nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: "Nilimtumia mtu pesa, hataki kurudisha, na nina skrinshoti za WhatsApp. Naweza kwenda nazo kortini?" Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo litaamua kama utarudi na pesa zako ama utakuwa umeongeza hasara ya nauli juu ya ile ya kwanza. Kwa hivyo tukae na hilo jibu refu kidogo.

Pesa zinaonyesha kiasi, chat inaonyesha sababu

Tuanze na jambo ambalo pengine hukulitarajia kutoka kwa kampuni ya malipo. Ule ujumbe wa uthibitisho unaoupata ukituma pesa hauthibitishi deni. Unathibitisha kwamba siku fulani, saa fulani, kiasi fulani kilitoka kwako kikaingia kwa mtu fulani. Basi. Haujui kama ulikuwa unakopesha, unalipia bidhaa, unachangia mazishi ama unamtumia shangazi pesa ya unga.

Chukua mfano huu, wa kubuni lakini wa kila siku. Umemkopesha rafiki shilingi 60,000 aongeze stoki dukani. Miezi minne baadaye hashiki simu zako. Ukimshtaki, hatapoteza wakati kukana kwamba alipokea pesa, maana taarifa ya miamala ishamuumbua. Atasema, "Huyo alikuwa ananilipa deni lake la mwaka jana." Ama atasema, "Alinisaidia tu, sisi ni marafiki wa kitambo." Ukiwa huna kitu kingine, sasa ni neno lako dhidi ya lake, na sheria inamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayedai. Yaani wewe.

Sasa weka jumbe mbili kando ya ile taarifa ya miamala. Ya kwanza aliiandika siku moja kabla: "Bro, niokolee na 60 ya stoki, nitarudisha tarehe 30 mwezi wa sita." Ya pili ikaingia dakika tano baada ya pesa kufika: "Nimeziona bro, Mungu akubariki, tarehe 30 bila kukosa." Kesi imebadilika kabisa. Katika madai ya pesa mwamuzi hatafuti uthibitisho usio na shaka hata kidogo, kama inavyokuwa kwenye kesi ya jinai. Anauliza tu: kati ya hadithi hizi mbili, ni ipi inaelekea zaidi kuwa kweli? Mtu aliyeandika "nitarudisha tarehe 30" atapata taabu sana kueleza kwamba hiyo ilikuwa zawadi.

Tukiulizwa tuchague moja kati ya hizo jumbe mbili, tutachukua ya pili. Ya kwanza ni ombi, na ombi linaweza kukataliwa. Ya pili imegusa pesa zenyewe, imekuja dakika chache baada ya muamala, na imerudia ahadi. Kwa hivyo ukikopesha mtu, usikubali akujibu kwa ile emoji ya mikono iliyokunjwa peke yake. Mwambie, "Sawa, nithibitishie umepata 60,000 na utarudisha lini." Si kukosa imani na mtu. Ni kumuandikia kumbukumbu na yeye pia, maana hata yeye anaweza kesho kudaiwa 80,000.

Tukiwa bado kwenye emoji: mwaka 2023 mahakama moja ya mkoa wa Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyejibu mkataba wa kuuza mbegu za kitani kwa emoji ya dole gumba alikuwa ameukubali mkataba huo. Hakupeleka mzigo, akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Uamuzi wa kule hauzifungi mahakama za hapa Kenya, lakini ukiwa na tabia ya kujibu kila kitu kwa dole gumba bila kusoma, hebu ifikirie tena.

Sheria ya Kenya inasemaje

Watu wengi bado wanadhani korti inataka karatasi yenye muhuri na sahihi, na kwamba mambo ya WhatsApp ni porojo. Hiyo ilishapita. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, ina kifungu cha 78A kilichoongezwa mwaka 2014. Kinasema kwamba jumbe za kielektroniki na nyenzo za kidijitali zinakubalika kama ushahidi, na mahakama haiwezi kuzikataa kwa sababu tu si nakala halisi. Hiyo inagusa WhatsApp, SMS, barua pepe, posti ya Facebook, video ya TikTok na hata sauti iliyorekodiwa.

Lakini kukubaliwa ni jambo moja na kuaminiwa ni lingine. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwamuzi apime uzito wa ushahidi: ulitengenezwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kuaminika? Kuna uhakika haujaguswa? Aliyeuandika ametambulishwa vipi? Ni maswali hayo ndiyo huangusha skrinshoti nyingi. Zinapokelewa vizuri, zinawekwa kwenye faili, halafu uamuzi ukija unakuta zimepewa uzito wa unyoya.

Kuna kifungu kingine, cha 106B, ambacho watu hukipita bila kukiona. Hiki kinahusu cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Usiogope jina. Ni karatasi, mara nyingi ya ukurasa mmoja, inayoeleza ushahidi huu ni nini (kwa mfano, skrinshoti 14 za mazungumzo kati ya nambari hii na ile, kuanzia tarehe fulani hadi fulani), ulipatikanaje, na vifaa gani vilitumika: simu ya aina gani, na kama ziliprintiwa, kwa mashine gani na wapi. Kinatiwa sahihi na mtu mwenye dhamana ya kifaa. Kwa skrinshoti ulizopiga kwa simu yako mwenyewe, mtu huyo ni wewe. Kama zilipigwa na mdogo wako kwa simu yake, sahihi inayofaa ni yake, si yako. Ushahidi mzuri umewahi kutupwa nje katika mahakama zetu kwa sababu ya kukosa karatasi hii. Kwa kweli inauma mtu kupoteza dai kwa kitu ambacho kingeandikwa saiba kwa nusu saa.

"Si mimi niliandika"

Huu ndio utetezi rahisi kuliko wote, na akaunti za mitandao zinaurahisisha. Mtu anaweza kufungua ukurasa wa Facebook kwa jina lolote na picha yoyote. Skrinshoti inayoonyesha jina "Sofa Kali Nairobi" haiambii mahakama ni nani aliyekuwa nyuma ya simu.

Hapa ndipo malipo ya simu yanakuwa shahidi mzuri kweli. Tuseme uliona viti kwenye ukurasa huo, ukaelekezwa WhatsApp, mkakubaliana shilingi 80,000, ukatuma 45,000 za kuanzia, na viti havikufika. Nambari ya WhatsApp ni ile ile iliyopokea pesa. Pesa zimeingia kwa akaunti yenye jina la mtu aliyesajiliwa kwa kitambulisho. Na dakika chache baada ya kutuma, nambari hiyo ikaandika "Payment nimepata, tunaanza kazi kesho." Mlolongo umefungika: ukurasa unaelekea kwenye nambari, nambari inaelekea kwenye pesa, pesa zinaelekea kwenye jina. Kila pete imeshika nyingine.

Mlolongo hukatikia mahali pamoja hasa. Muuzaji anasema, "Tuma kwa hii nyingine, ya bibi yangu, yangu iko na shida." Ukituma tu, taarifa ya miamala itaonyesha jina la mtu ambaye hujawahi kuzungumza naye, na huyo atasema hakujui, tena pengine atakuwa anasema kweli. Ukiona ombi kama hilo, ushauri wetu wa kwanza ni usitume. Kama ni lazima, mfanye aandike kwa chat kutoka nambari yake ya kawaida: "Tuma 45,000 za viti kwa 07 fulani, jina litatokea fulani." Asikuambie kwa simu. Simu ikikatwa, maneno yameenda na upepo.

Kuna pia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, jambo ambalo halifai lakini lipo. Kwa hivyo kabla ya kutuma, lisome lile jina linalotokea. Kama umekuwa ukiongea na mwanaume na jina linalotokea ni la mwanamke, uliza, na uulize kwa maandishi.

Skrinshoti inayosimama kwa miguu yake

Makosa mengi hufanyika hapa, na yote yanaepukika. La kwanza ni jina ulilomsevu nalo. Juu ya chat kumeandikwa "Kevo Mjengo." Huyo ni Kevo kwako wewe. Mahakama haimjui, na wakili wake atasema ungeweza kumsevu mtu yeyote kwa jina hilo. Bonyeza jina, ukurasa wa nambari utafunguka, piga skrinshoti yake pia iwe ya kwanza kwenye mfululizo.

Tarehe nazo hupotea. WhatsApp huonyesha saa kando ya kila ujumbe, lakini tarehe hukaa katikati ya mazungumzo na ni rahisi kuikata. Anza skrinshoti mahali tarehe inaonekana, kisha endelea kushuka, kila picha ikirudia mstari wa mwisho wa picha iliyotangulia ili ionekane hakuna kilichorukwa. Ndiyo, hata zile sehemu ulizomtukana. Tunajua hutaki kuzionyesha, lakini mazungumzo yenye matundu yanampa mwenzako nafasi ya kuja na chat nzima na kukuonyesha kama mtu anayeficha. Mwamuzi ameona watu wakikasirika kwa ajili ya pesa zao kabla yako.

Usichore mviringo mwekundu, usikate, usiongeze mshale. Ukitaka kuonyesha sehemu muhimu, fanya hivyo kwenye nakala ya karatasi na ubaki na nakala safi. Na kubadilisha maneno kwa programu za kutengeneza chat feki ni hatari kubwa kuliko kupoteza dai: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahesabu kughushi data kuwa kosa la jinai. Unaweza kuingia kortini kama mdai ukatoka kama mshtakiwa.

Tena usitegemee skrinshoti peke yake. WhatsApp ina sehemu ya kuhamisha mazungumzo yote kama faili, pamoja na picha na sauti ukitaka. Itume faili hiyo kwa barua pepe yako mwenyewe. Sauti za WhatsApp zihifadhi zenyewe, kisha andika kando maneno yaliyosemwa, neno kwa neno, kwa lugha ile ile iliyotumika. Kwa posti ya Facebook au TikTok, chukua linki yake, jina kamili la akaunti, na siku uliyoiona, kwa sababu inaweza kufutwa kabla jua halijatua.

Kitu cha maana kuliko vyote hivi ni simu yenyewe. Jumbe za WhatsApp zimefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma maneno mliyoandikiana. Hakuna ofisi utakayoenda ikuchapishie chat yako ya mwaka jana. Ilivyo kwenye simu yako na kwenye hifadhi uliyoweka wewe, ndivyo ilivyo. Ukiuza simu, ukiiflashi, ama ukibadilisha nambari kabla ya kuhifadhi, ushahidi umekwenda nayo. Angalia pia kama mwenzako amewasha jumbe zinazojifuta. Zinaweza kutoweka baada ya saa 24, siku 7 ama siku 90. Akiwasha hiyo siku moja kabla ya kukuomba mkopo, basi jiulize kwa nini. Na kwa kuwa mtu anaweza kuuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tangu autume, ama kuufuta kwa pande zote mbili, ahadi yenye uzito ipigie skrinshoti ikiwa bado moto.

Kwa vyama, mambo ni rahisi kidogo. Ahadi iliyotolewa kwenye grupu ina mashahidi wengi, na mweka hazina mwenye kawaida ya kubandika orodha ya michango kila mwezi anakuwa anaandika daftari bila kujua. Tunachoomba tu ni msiendeshe hesabu zote kwa sauti. Andikeni.

Ukifika kwa Mahakama ya Madai Madogo

Dai la hadi shilingi 1,000,000 linaweza kwenda kwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ya kwanza ilianza Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na sasa ziko katika kaunti nyingine pia. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Mikataba ya kuuza bidhaa na huduma, na pesa ambazo mtu anazishikilia na ni zako, ziko ndani ya uwezo wake.

Mahakama hii haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi. Mwamuzi anaweza kupokea kitu anachoona kinaaminika hata kama mahakama nyingine isingekikubali. Wengine husikia hivyo wakaacha kutayarisha cheti. Sisi tunasema kibebe tu. Ni ukurasa mmoja, na mlango huo umefunguliwa kwa hiari ya mwamuzi, hujui yako itakuwaje.

Panga karatasi zako kwa mpangilio wa siku, si kwa mpangilio wa hasira. Ombi, kisha muamala, kisha uthibitisho wake, kisha ukumbusho wako wa adabu, kisha kimya chake. Taja nambari ya muamala kando ya kila ujumbe unaohusika nao. Mtu asiyewajua nyinyi wawili anapaswa kusoma kurasa hizo kwa dakika kumi akaelewa.

Kuna vitu mahakama hii haigusi. Migogoro ya ardhi, ajira na kuharibiana jina haiendi huko. Kama kilichokuuma ni mtu kukuita mwizi kwenye Facebook, hiyo ni mahakama nyingine, na muda ni mfupi: miezi 12 tu. Kwa deni la mkataba una miaka sita, ingawa hatuoni sababu ya mtu kungoja huo muda wote huku simu yake ikizeeka.

Mahali ambapo unaweza kujichoma

Ukitafuta ushahidi, usiingie kwa simu ya mtu bila ruhusa. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano, na kifungu cha 50 kinaruhusu mahakama kutupa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki ikiwa kuutumia kutafanya kesi isiwe ya haki. Chat ambayo wewe ni mmoja wa wazungumzaji ni yako kuitumia. Chat ya mumeo na mtu mwingine, uliyoisoma akiwa amelala, ni hadithi tofauti.

Na tafadhali, usimwanike mdeni wako mtandaoni. Tunaelewa hasira. Lakini ile posti ya "Mumjue huyu mwizi," yenye picha yake, kitambulisho na nambari ya simu, inaweza kukugeuza wewe kuwa mdaiwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja, klabu moja na mkopeshaji mmoja wa mtandaoni faini ya jumla ya shilingi 9,375,000 kwa kutumia picha ama data za watu bila idhini. Hao walikuwa mashirika, ndiyo, lakini posti yako pia ni skrinshoti kwa simu ya mtu mwingine.

Tunachoweza kukufanyia, na tusichoweza

Tunaweza kukupa taarifa rasmi ya miamala ya akaunti yako. Ichukue hiyo badala ya kuprinti SMS pekee, kwa sababu SMS ni maandishi tu, na yeyote anaweza kuandika maandishi yanayofanana na yetu. Kama wewe ni muuzaji, usiachilie mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako.

Hatuwezi kukupa kitambulisho, anwani wala miamala ya mtu mwingine, hata ukituletea skrinshoti mia moja. Mahakama ikitoa amri, tutaitii. Vilevile hatuwezi kukurudishia pesa kwa sababu chat inaonyesha umetapeliwa. Pesa zikishaingia kwa mtu, kumwamuru azirudishe ni kazi ya mahakama. Ila ukigundua ni utapeli, tupigie mara moja na uripoti polisi upewe nambari ya OB, maana kila saa inayopita ni nafasi ya pesa hizo kutolewa kwa wakala.

Na mtu akikupigia akisema yeye ni wetu, anakusaidia "kutayarisha ushahidi wa kesi yako," kisha akaomba PIN yako, kata simu. Halafu piga skrinshoti ya hiyo nambari.